Saini ya Mweka Hazina



Juma hili naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa nitaanza na kosa langu mwenyewe. Huu ni mwaka wa saba nimeshika ukatibu wa kamati ya msikiti wetu hapa Mahege, na katika kazi za katibu mojawapo ni kuhifadhi daftari la mapato na matumizi. Kila ukurasa hufungwa kwa saini mbili, yangu na ya mweka hazina. Mweka hazina wetu alikuwa mzee wa miaka 67, mwalimu wa madrasa aliyewafundisha alifu nusu ya wanakamati, mimi nikiwa mmoja wao. Sote humwita Maalim, nami nitamwita hivyo hapa.

Hundi ya kununulia mabati ya ukumbi wa kinamama ilirudishwa na benki. Saini, tukaambiwa, haifanani na iliyo katika kadi yao. Tukadhani ni uzembe wa karani, tukaandika nyingine, nayo ikarudi. Ndipo nikafungua daftari nikaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Miaka sita iliyopita saini ya Maalim ilikuwa pana, mkia wa herufi ya mwisho ukivuka mstari kwa madaha. Ya mwaka huu ilikuwa imejikunyata, herufi zikianza ndogo na kumalizikia ndogo zaidi, mithili ya mtu anayeandika juu ya punje ya mchele. Nikaona, Allah anisamehe, kuwa huenda kuna mkono mwingine unaotia saini badala yake. Nikalipeleka jambo hilo kwenye kikao baada ya swala ya Isha.

Maalim aliulizwa kwa adabu, lakini aliulizwa. Alijibu kwa sauti ya chini ambayo hatukuisikia vizuri, na alipotakiwa arudie, akarudia chini zaidi. Uso wake haukuonyesha kitu; si hasira, si huzuni, si haya. Mwanakamati mmoja alininong'oneza kuwa mtu msafi angefadhaika walau kidogo. Kisha Maalim akainuka kwa tabu, akaniwekea funguo za kasha mezani, akatoka akiburuza kandambili. Hesabu zilikaguliwa mwezi uliofuata. Hakikupungua hata kitita cha shilingi mia. Hata hivyo Maalim hakurudi kwenye kamati, na kwa muda mrefu hakurudi kwenye safu ya mbele.

Miezi minane baadaye alianguka uani akienda kutawadha. Binti yake anayeishi Mbagala akaja kumchukua, wakapita barabara ya Kilwa hadi Dar es Salaam, na safari ikaishia Muhimbili, kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Daktari hakuanza na mashine. Alimtaka mzee agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, akaukunja na kuukunjua mkono wake taratibu, akamwambia atembee ukumbini na kugeuka, kisha akampa karatasi aandike sentensi yoyote. Maalim aliandika Bismillah. Daktari akaitazama kwa muda, akamuuliza binti: je, nyumbani kuna maandishi ya baba ya zamani?

Jioni ile simu yangu ililia. "Kaka katibu, shikamoo. Daktari anataka kuona mwandiko wa baba wa miaka ya nyuma. Nimekumbuka madaftari ya msikiti." Nilipanda basi la alfajiri nikiwa na madaftari sita ndani ya mfuko wa salfeti. Yakapangwa mezani kwa mfuatano wa miaka. Ushahidi nilioutumia kumshuku mwalimu wangu ndio uliomsaidia daktari kujua kuwa ugonjwa ule ulikuwa umeanza zamani, kabla hata mkono haujatetemeka.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Parkinson, kwa jina la tabibu wa London, James Parkinson, aliyeueleza katika kijitabu chake cha mwaka 1817 baada ya kuwachunguza watu sita, baadhi yao akiwa amewaona njiani tu. Katika kina cha ubongo, chini kabisa, kuna sehemu ndogo yenye seli za rangi nyeusi. Seli hizo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo ndiyo huuwezesha mwili kuanzisha mwendo na kuupima: kiasi gani mkono unyooke, hatua iwe ndefu vipi, sauti itoke kwa nguvu gani. Kwa mgonjwa wa Parkinson seli hizo hufa moja baada ya moja kwa miaka mingi, na ndani ya zile zilizobaki wanasayansi huona mabonge ya protini iliyojikunja vibaya. Dalili za wazi zinapojitokeza, inakadiriwa kuwa nusu ya seli hizo au zaidi zimeshakwenda.

Kwa hiyo saini hupungua kwa sababu ubongo hauupi mkono kipimo kamili cha mwendo. Sauti hupungua kwa sababu hiyohiyo. Uso hukauka kwa sababu misuli ya kutabasamu na kukunja kipaji nayo haipati amri. Mtu ana furaha moyoni na uso haumwambii mwenzake. Ana aibu, ana uchungu, na uso uko vilevile. Sisi tulimsoma Maalim usoni tukamhukumu, ilhali uso wake ulikuwa umefungwa na maradhi.

Kutetemeka, ambako ndiko watu wengi hukujua, aghalabu huanzia mkono mmoja, tena mkono ukiwa umepumzika pajani. Kidole gumba na cha shahada husuguana polepole kama vya mtu anayevuta tasbihi. Wengi wetu tulikuwa tumeuona mkono wa Maalim ukifanya hivyo anapokaa kusubiri Ijumaa, na tulidhani yumo katika dhikri. Huenda alikuwamo. Ila mkono ulikuwa na habari nyingine.

Watu wa rika la wazee wetu wanamkumbuka Muhammad Ali. Alifika Dar es Salaam Februari 1980, akitumwa na Rais Carter wa Marekani kuzishawishi nchi za Kiafrika zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, na hapa kwetu hakufanikiwa. Mwaka 1984 akaambiwa ana Parkinson. Dunia ilipomtazama akiwasha mwenge Atlanta mwaka 1996, mkono wake ukitikisika, watu wakajifunza kuwa huo ndio ugonjwa: mtikisiko mkubwa, wa hadharani. Somo hilo halikuwa kamili. Kuna wagonjwa wasiotetemeka kabisa, na karibu wote hupitia miaka ya dalili ndogondogo zisizotiliwa maanani: kupoteza uwezo wa kunusa, choo kigumu cha muda mrefu, kupiga mateke na kupayuka usingizini.

Na maumivu. Nataka nikae hapa kidogo, maana jambo hili hata mimi lilinishangaza. Tangu miaka mingi kabla ya yote hayo, Maalim alikuwa akilalamikia bega la kulia. Alipaka mafuta ya mnazi yaliyochemshwa na vitunguu saumu, alipigwa chuku mara tatu, alinunua dawa za maumivu dukani hadi tumbo likamsumbua. Mganga mmoja ng'ambo ya mto alimwambia bega limekaliwa na jini wa mikokoni, akalipwa kuku na pesa. Daktari wa Muhimbili alieleza kuwa bega linalouma na kukakamaa upande mmoja ni miongoni mwa milango ambayo ugonjwa huu hupenda kuingilia. Misuli hukakamaa bila mtu kujua, kiungo hakizungushwi inavyopaswa, na bega huganda. Zaidi ya hilo, dopamini ina sehemu yake katika namna ubongo unavyoyapima maumivu, kwa hiyo inapopungua, hata uchungu mdogo huweza kuonekana mkubwa. Wagonjwa wengi wa Parkinson huishi na maumivu ya kudumu, ya mgongo, ya miguu, ya shingo, na mara nyingi hawayataji kwa kuwa wanadhani hayo ni mambo mengine.

Je, maradhi haya ni ya Wazungu na ya matajiri? Swali hilo lilijibiwa hapa Tanzania. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, watafiti wakiongozwa na Catherine Dotchin na Richard Walker, wakishirikiana na wenzao wa Kitanzania, walifanya kazi ya kupita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 161,000 wakiwatafuta wenye dalili. Waliwapata wagonjwa 33, wanaume 23 na wanawake 10. Idadi si kubwa, kwa kuwa jamii yetu ina vijana wengi na ugonjwa huu hupenda umri mkubwa. Jambo zito ni kwamba wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini, wala kupewa dawa yoyote ya ugonjwa huo. Walikuwa wakiishi majumbani, miongoni mwa jamaa wanaowapenda, bila jina la kile kinachowasumbua.

Baadaye mtafiti Gerry Mshana na wenzake wakaenda kuzungumza na wagonjwa hao na wanaowauguza, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Baadhi ya watu waliuita ugonjwa wa kutetemeka. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema ni kurogwa. Niliposoma habari hizo niliona kama zimeandikwa Rufiji.

Hilo la uzee linatuhusu sisi Waislamu kwa namna ya pekee. Tunaikumbuka hadithi ya Usama bin Sharik, pale mabedui walipomuuliza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, kwani Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa jambo moja tu, nalo ni ukongwe. Wengi wetu tumeishika ile sehemu ya mwisho. Mzee akianza kuburuza miguu tunasema ni umri, basi, hakuna cha kutafuta. Lakini hadithi imetenganisha maradhi na ukongwe, na anayeyaita maradhi ukongwe bila kuchunguza amemfungia mgonjwa mlango ambao Mtume ameufungua. Wapo wazee wa miaka 90 hapa delta wanaopanda mnazi. Na wapo watu wa miaka 45 wenye Parkinson.

Sipingi ruqya. Nasoma mwenyewe, na nilimsomea Maalim. Ninachokipinga ni kuifanya ruqya iwe sababu ya kutokwenda hospitali, na zaidi nampinga anayelipisha kuku kwa jini wa kubuni.

Dawa kuu ya ugonjwa huu inaitwa levodopa, na habari yake ni ya kupendeza. Mwaka 1913 mkemia wa Uswisi, Marcus Guggenheim, aliitoa katika maharage yale makubwa ambayo Wamisri hupikia ful. Miaka ikapita bila mtu kujua kazi yake. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura waliokuwa wameganda kwa kukosa dopamini, wakainuka. Baadaye, mwaka 2000, alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1967 George Cotzias akaonyesha huko Marekani kuwa wagonjwa waliopewa dozi kubwa, iliyoongezwa polepole, waliweza tena kutembea. Ubongo huigeuza levodopa kuwa dopamini. Haifufui seli zilizokufa wala haizuii nyingine zisife, na baada ya miaka nguvu yake hupanda na kushuka ndani ya siku moja, wakati mwingine ikileta miyumbo ya mwili isiyotakiwa. Pamoja na hayo, hakuna dawa nyingine inayoifikia.

Sasa, msomaji wa Kibiti, unaujua upupu? Ule mmea unaotambaa mashambani, ambao ukiupitia wakati maganda yamekauka unajikuna hadi unalia. Mbegu zake zina levodopa kwa wingi. Waganga wa India wameitumia tangu kale, na wanasayansi wameijaribu kwa vipimo. Roberto Cilia na wenzake walichapisha mwaka 2017 majaribio ya wagonjwa 18 nchini Bolivia, ambako unga wa mbegu zilizochomwa ulifanya kazi kama kidonge. Nilipomsimulia Maalim alicheka, au niseme macho yake yalicheka. Lakini tafadhali, mtu asitoke hapa akaenda kuchuma upupu. Kiasi cha dawa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, hutapisha, huweza kushusha shinikizo la damu hadi mtu akazirai, na mwenye kunywa vidonge vya hospitali akiuongeza atakuwa amezidisha dozi bila kujua. Hilo ni jambo la watafiti na madaktari, na natamani lifanyiwe kazi zaidi hapa kwetu, kwa kuwa kidonge ni ghali kwa mkulima wa korosho na hakipatikani kila duka.

Utafiti haujalala. Mwaka 2023 Mie Rizig wa London na Njideka Okubadejo wa Lagos, pamoja na wenzao wengi, walitangaza badiliko la kijeni linaloongeza uwezekano wa kupata Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, badiliko ambalo halikuwa limeonekana kwa Wazungu waliochunguzwa miaka yote iliyotangulia. Maana yake, Waafrika walipoachwa nje ya utafiti, sehemu ya jibu iliachwa nje pamoja nao. Na sasa upo mpango unaozijumuisha Misri, Ethiopia, Ghana, Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania kuuchunguza ugonjwa huu kwa watu wetu wenyewe.

Nirudi kwenye mambo ya nyumbani. Kabla ya mtu kuambiwa ana Parkinson aulizwe dawa anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za maradhi ya akili, kama haloperido, na hata dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, huweza kuleta ukakamavu unaofanana kabisa na huu, nao huondoka dawa inapobadilishwa na daktari. Mwenye Parkinson naye asipewe dawa hizo ovyo. Aandikiwe kikaratasi akiweke mfukoni.

Levodopa hunywewa kwa saa. Chakula chenye protini nyingi, samaki au maharage, huichelewesha tumboni, hivyo aghalabu hunywewa nusu saa au zaidi kabla ya kula. Na isikatishwe ghafla kamwe. Mwili huweza kuganda, joto likapanda, na roho ikawa hatarini. Hapo ndipo Ramadhani inapoingia. Maalim alinywa kidonge mara nne kwa siku, na Ramadhani ya kwanza alitaka kufunga kama alivyofunga tangu utotoni. Alipoambiwa ana udhuru alisema, "Mwanangu, nimewafundisha watoto wenu kufunga, leo nile mchana?" Ilibidi nimsomee yeye babu niliyosomeshwa naye: mgonjwa ameruhusiwa katika Kitabu chenyewe, na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa fidya, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku, kama walivyobainisha mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii. Alikuwa akiyajua yote hayo kuliko mimi. Alitaka tu kuyasikia kutoka kwa mtu mwingine. Wapo wagonjwa wa hatua za mwanzo ambao madaktari huwapangia dozi za usiku na wakaweza kufunga. Hilo liamuliwe na daktari kwanza, kisha sheikh, na jamaa wasimshindanishe mgonjwa na nafsi yake.

Katika swala jambo ni jepesi zaidi, alhamdulillah. Mtume alimwelekeza Imran bin Huswain, aliyekuwa mgonjwa, aswali wima, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Mwenye Parkinson akiinuka haraka kutoka kwenye sijda huweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Kiti kiwepo, na kiwepo safu ya mbele kwa mwenye haki nayo, si nyuma karibu na viatu. Na imamu akijua kuna mgonjwa nyuma yake asubiri kidogo kabla ya takbira inayofuata. Tulikuwa na maamuma waliomlalamikia Maalim kuwa anachelewa kurukuu. Miguu ilikuwa inaganda. Mtu hutaka kuondoka na nyayo hukataa kana kwamba zimegundishwa. Binti yake amegundua kuwa ukichora mstari wa chaki sakafuni, au ukihesabu kwa sauti, mguu huvuka. Madaktari wanaijua hila hiyo. Ndiyo sababu mazulia yetu yenye mistari ya safu yamemfaa bila mtu kukusudia.

Kamati ilikwenda nyumbani kwake, sote tisa, baada ya Alasiri ya Ijumaa. Nilizungumza mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyelianzisha. Nilieleza habari ya hundi, ya daftari, ya kikao, na tukamwomba radhi. Alichukua muda mrefu kujibu, na safari hii hakuna aliyemwambia arudie, tulisogea karibu. Alisema amesamehe, kisha akauliza kama mabati yalinunuliwa.

Yalinunuliwa. Mweka hazina sasa ni kijana wa Kijiji cha jirani, lakini kwa azimio la kikao Maalim ni mlezi wa fedha za msikiti, na kila mwisho wa mwezi napeleka daftari nyumbani kwake, kiasi cha saa moja baada ya kidonge cha asubuhi, wakati mkono wake uko tayari. Binti amempigia mistari mipana kwa rula, kwani mstari mpana huusaidia mkono kukumbuka kipimo. Mwezi uliopita mkia wa herufi ya mwisho ulivuka mstari. Si sana. Benki tumewapelekea kadi mpya yenye dole gumba.